Nilimpeleka baba mkwe hike msitu wa Ngong Road, akaanza kupisha watu ambao mimi siwaoni

Wakuu, niaje. Natumai wikendi imewaendea poa.

Juzi kuna mwenzetu aliuliza hapa ni wapi pazuri karibu na Nairobi pa kutembea, kubeba begi na kulala kwa hema bila kusafiri mbali. Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili nitoke. Nikaanza kuandika, nikaona kuna msitu mmoja siwezi kuutaja bila kueleza kilichonipata huko.

Kwa hivyo nimefungua uzi wake. Sitatia chumvi. Pale sijui, nitasema sijui.

Kwanza nimjibu mkuu yule.

Kama ndio unaanza, nenda Karura. Njia zina alama, kuna maporomoko, kuna mapango, na ukichoka unapata chai hapo hapo.

Kama unataka kupima miguu, panda Ngong Hills, vilele vyote, na ubebe jacket kwa sababu upepo wa kule hauna adabu.

Kama unataka kimya, nenda Oloolua kule Karen. Kuna mto, kuna pango, na unaweza kupiga hema.

Arboretum ni ya wale wanataka kusema walienda hike na kumbe walilala kwa nyasi. Hakuna ubaya. City Park hapa Parklands nilikuwa naenda jioni nikitoka kazi, mpaka kima mmoja akaninyang'anya mandazi mkononi, akakaa juu ya mti akila akiniangalia usoni.

Halafu kuna msitu wa Ngong Road. Huo ndio nilikuwa naupenda kuliko yote.

Sasa nianze.

Mimi ni fundi wa lifti. Wiki nzima niko ndani ya mashimo ya maghorofa ya Westlands, giza, grisi, kelele ya mota juu ya kichwa. Ikifika Jumamosi nataka kuona miti na anga, basi. Nimezaliwa Bungoma, nimeoa Mkikuyu, bibi yangu anaitwa Wambui. Tuna msichana mmoja, Neema. Tunakaa flat Parklands.

Mwaka jana mama yake Wambui alituacha, na baba yake akaja kukaa na sisi. Mzee Ndung'u. Anakaribia miaka themanini. Maisha yake yote alikuwa seremala kule Dagoretti, mtu wa maneno machache, mikono mikubwa kama koleo.

Niseme ukweli, mimi na yeye hatukuwa tunaongea sana. Si ubaya. Kwetu tulifundishwa kuwapa wazazi wa bibi yako nafasi yao. Hukai nao karibu karibu, hupeani mikono ovyo, huwaiti majina. Na yeye pia ni mtu wa heshima zake. Tulikuwa tunaweza kukaa sebuleni mchana mzima, yeye na gazeti, mimi na simu, tusemezane tu mambo ya mvua.

Tatizo ni kwamba alikuwa anafifia. Anakaa kwa balcony akiangalia magari. Chai inapoa mbele yake. Wambui akaniambia, "Si umpeleke huko kwako kwa miti? Baba alikuwa anatoka Dagoretti mpaka town kwa miguu."

Nikampeleka Arboretum. Akafurahi. Nikampeleka Karura mara kadhaa, akawa ananiacha nyuma. Alikuwa ameanza kusahau vitu, miwani, jina la mlinzi wetu, mlango wa choo ni upi. Tulisema ni uzee. Kila mtu husema hivyo.

Siku moja tukiwa mezani nikamwambia Wambui kwamba Jumamosi ninaenda msitu wa Ngong Road. Mzee akaweka kijiko chini.

"Mimi nilizaliwa huko," akasema.

Wambui akacheka kidogo. "Baba, wewe ulizaliwa kule Kikuyu town."

"Tulihamishiwa Kikuyu," akasema. "Nilizaliwa msituni."

Wambui akaniangalia. Miaka yote hiyo hakuwahi kusikia hiyo habari. Tukamuuliza zaidi, akachukua kijiko akaendelea kula.

Basi Jumamosi tukaenda wawili.

Ilikuwa Julai, na mnajua Julai ya Nairobi. Baridi, manyunyu, na hiyo asubuhi ukungu ulikuwa umekaa chini kabisa, mpaka barabarani magari yamewasha taa. Wambui alitaka tuahirishe. Mzee alikuwa tayari amevaa gambuti na kofia, amesimama mlangoni. Sijawahi kumuona na haraka hivyo.

Getini tukajiandikisha. Askari wa msitu, kijana mpole, akatuambia tushike njia kubwa na tusikate kona kwa sababu ya ukungu. Nikasema sawa. Na nilimaanisha.

Mwanzo ilikuwa poa tu. Njia laini, majani yamelowa, ndege wachache. Kelele ya Ngong Road ilikuwa nyuma yetu, halafu ikapungua, halafu nikagundua siisikii tena. Kama mtu amefunga mlango.

Mzee alikuwa mbele. Alikuwa anatembea kama kijana. Hajiangalii miguu, hashiki mti, ameweka mikono nyuma ya mgongo kama mtu anaenda dukani asubuhi.

Halafu akakata kushoto, akaingia kwa vichaka.

"Mzee, njia ni hii," nikamwambia.

"Hiyo ni ya magari ya kubeba mbao," akasema bila kugeuka. "Ya watu ni hii."

Wakuu, pale hapakuwa na njia. Ni vichaka na majani. Lakini nilipomfuata nikaona miguu inapata pa kukanyaga. Chini ya majani ardhi ilikuwa ngumu, imeshindiliwa, upana wa mtu mmoja. Nikajiambia, acha nimfuate kidogo, nikiona mbaya namgeuza.

Akaanza kunionyesha vitu.

"Hapa ilikuwa vitalu vya miche. Baba yangu alikuwa ananyunyiza maji." Ni miti.

"Hapa kwa kina Wangari. Walikuwa na mbwa mkali." Ni miti.

"Hapa tulikuwa tunachezea." Ni miti, na ukungu katikati ya miti.

Nilikuwa nafurahi, sitaki kudanganya. Baba mkwe wangu alikuwa ameongea na mimi siku hiyo kuliko mwaka mzima. Nilitoa simu nimrekodi, nimwonyeshe Wambui. Nikaona network hakuna, na kile kidoto cha ramani kimekwama getini. Nikairudisha mfukoni.

Hapo ndipo Mzee alisimama ghafla.

Akavua kofia. Akatoka kando ya njia, akaegemea mti, halafu akanyoosha mkono akanivuta sweta na mimi nisimame kando.

"Mpishe mama," akaniambia kwa sauti ya chini. "Amebeba mzigo."

Nikaangalia mbele. Nikaangalia nyuma. Hakuna mtu.

Lakini nilisimama kando. Sijui kwa nini. Mkono wake ulikuwa umenishika imara. Tukasimama hivyo, yeye ameinamisha kichwa kidogo vile unamsalimia mama mtu mzima, na macho yake yakatembea polepole kutoka upande mmoja wa njia mpaka mwingine, yakifuata kitu.

Na wakuu, nilisikia harufu. Harufu ya kuni mbichi na moshi wa jikoni, ile inakaa kwa nguo ya mtu. Ikapita, ikaisha.

Najua mtaniambia mahali fulani kulikuwa na mtu anachoma makaa. Inawezekana. Mimi ninasema tu nilichonusa.

Mzee akavaa kofia, akaendelea. Nikamwambia, "Mzee, turudi. Manyunyu yanaongezeka."

Akaongeza mwendo. Nikaharakisha nikawa karibu yake, na hapo tukatokea mahali palipokuwa wazi.

Palikuwa na ua wa kayaba. Mnaijua, ile miti ya miiba mirefu tunayozungushia boma. Kayaba haijioteshi kwa mstari katikati ya msitu. Mtu aliipanda. Ilikuwa imekuwa mirefu kama nyumba, imechanganyika na mizabibu ya porini, lakini mstari ulikuwa mstari, na palikuwa na pengo la lango. Ndani yake, kwenye kuvu na majani, mafiga matatu. Bado yamekaa vile yalivyowekwa.

Kwa hivyo Mzee hakuwa anaota. Nyumba yao ilikuwa hapo kweli. Hiyo ilipaswa kunituliza, lakini ndiyo iliniogopesha. Kama hiki ni kweli, basi yule mama wa mzigo je?

Mzee akaingia pale kwa pengo la ua. Akasimama karibu na mafiga. Halafu akageuka kuniangalia, na ule uso haukuwa wake. Sura ni ile ile, mikunjo ile ile. Lakini macho yalikuwa ya mtoto.

"Karanja," akasema. "Umechelewa. Mama ameuliza."

"Mzee, ni mimi. Wafula. Baba Neema."

Akaniangalia kama mtu anasubiri mwingine amalize kuongea upuzi. Halafu akageukia msitu, akaweka vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi. Miwili mifupi, mmoja mrefu unaopanda mwishoni. Sikujua kama anajua kupiga mluzi. Sauti ilikuwa kali, safi, ikaenda ndani ya ukungu.

Kimya.

Halafu kutoka mbali, huko chini, mluzi ukarudi. Miwili mifupi, mmoja mrefu unaopanda.

Niliangalia huko chini, sikuona kitu ila ukungu.

Mzee akatabasamu. Ilikuwa tabasamu mbaya kuiona, kwa sababu ilikuwa ya furaha kabisa.

Na hapo hapo simu yangu ikalia. Network ilikuwa imeingia kidogo. Ilikuwa Wambui. Nikaishika, nikageuza mgongo niweke sikio vizuri, nikasikia vipande vipande vya sauti yake, "...wapi... Baba...", ikakatika.

Nilipogeuka, Mzee hayuko.

Simaanishi alikuwa ameenda hatua kadhaa. Hayuko. Majani hayatingishiki. Mtu wa miaka hiyo, na gambuti, na sikusikia hata kijiti kikivunjika.

Nikaita, "Mzee!" Nikaita, "Baba!" Nikazunguka ule ua wa kayaba, miiba ikanichana mikono. Nikarudi kwa mafiga. Ukungu ulikuwa umefunga, nikinyoosha mkono naona vidole kwa shida. Nilianza kufikiria vile nitamwambia Wambui. Amemzika mama yake hata mwaka haujaisha, halafu mimi nimempoteza baba yake kwa sababu nilikubali tutoke kwa njia.

Mluzi ukapigwa tena huko chini. Karibu zaidi kidogo.

Nikaita tena, "Mzee Ndung'u!" Hakuna.

Hapo ndipo nilielewa kitu. Ninamuita Mzee, na yule mtu niliyemuona kwa yale macho si mzee. Ni mtoto. Mtoto ukimuita Mzee hawezi kuitika, hajui unaongea na nani.

Wakuu, mnajua vile ni ngumu kumuita baba ya bibi yako jina lake, wazi wazi, kama unaita konda? Mdomo ulikataa.

Halafu nikaita, "Ndung'u."

Nikangoja.

"Ndung'u, uka." Njoo, kwa Kikuyu. Ni kati ya maneno machache nimejifunza kwa Wambui, huwa anamuitia Neema. "Ni mimi. Karanja."

Upande wa kulia, si mbali, sauti nyembamba ikasema, "Niko hapa."

Nikaifuata polepole, nikisukuma matawi. Nikamkuta amesimama ukingoni mwa shimo. Lilikuwa machimbo ya zamani ya mawe, refu, limejaa maji meusi na majani. Ncha za gambuti zake zilikuwa zimepita ukingo. Alikuwa anaangalia ng'ambo ya shimo, na ule mluzi, nina uhakika, ulikuwa unatoka ng'ambo hiyo.

Sikumkimbilia. Nilijua nikimshtua ataingia.

"Ndung'u," nikasema. "Niko nyuma yako."

Akageuza kichwa peke yake. Akaniangalia kwa muda mrefu. Akaangalia ng'ambo. Akaniangalia tena. Nilimuona anachagua, wakuu. Nilimuona kabisa.

"Ulikuwa wapi?" akaniuliza.

Sikujua Karanja ni nani. Sikujua alikuwa wapi. Lakini huyo mtu alikuwa ameuliza hilo swali kwa uchungu wa maisha yake yote, na sikuona jibu lingine.

"Nilipotea," nikamwambia. "Sasa nimefika. Twende nyumbani."

"Mama atatuchapa."

"Hatatuchapa. Nitamwambia ni mimi."

Nikanyoosha mkono. Akaushika. Mkono mkubwa wa seremala, baridi kama chuma, umenishika vile Neema hunishika tukivuka barabara. Nikamvuta taratibu mpaka akawa upande wangu wa ardhi.

Halafu nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe sijui tuko wapi.

"Ndung'u," nikamuuliza, "unajua njia ya kutokea barabarani?"

"Ya magari ya mbao," akasema, kama ni kitu cha kuulizwa. Akaanza kutembea, akinivuta.

Tukatembea tumeshikana mikono, mimi na baba mkwe, kwa ukungu. Mahali fulani akasimama akatoka kando. Safari hii hakunivuta sweta. Nilisimama kando mwenyewe, nikainamisha kichwa. Tukangoja. Tukaendelea.

Halafu mluzi ukapigwa nyuma yetu.

Haukuwa mbali tena. Ulikuwa kama umbali wa kutoka hapa kwa meza yangu mpaka mlango wa jikoni. Miwili mifupi, mmoja mrefu. Mwili wangu wote ulitaka kugeuka. Ni kama mtu akikuita jina lako barabarani, shingo inaenda yenyewe.

Mzee akabana mkono wangu mpaka mifupa ikauma.

"Usigeuke, Karanja," akasema. "Huyo si wewe."

Sikugeuka.

Sijui tulitembea muda gani hapo. Najua miguu yangu ilikuwa inaenda na akili haiko. Halafu nikasikia honi. Halafu pikipiki. Tukatokea kwa njia kubwa, na yule askari kijana alikuwa anakuja upande wetu na mwenzake. Wambui alikuwa amempigia mtu, aliyempigia mtu, mpaka getini. Askari akaangalia mikono yetu tulivyoshikana, akaangalia mikwaruzo yangu. Akampa Mzee koti lake.

Ndani ya gari Mzee alilala. Tulipofika Hurlingham, kwenye jam, akaamka, akaangalia nje, akasema, "Baba Neema, hii baridi itatuua." Sauti yake ile ya kawaida. Nikamwambia ndio, Mzee. Nikageuza uso upande wa dirisha ili asinione.

Wiki iliyofuata tulimpeleka kwa daktari. Akatueleza kwa upole kwamba kumbukumbu za Mzee zinaondoka, na kwamba mara nyingi zile za karibu ndizo hutangulia, za utotoni zinabaki nyuma. Kwa hivyo hilo lina maelezo. Mama wa mzigo ana maelezo. Uso wa mtoto una maelezo.

Lakini Wambui hakutosheka. Akampigia tata yake Nyokabi, dada mkubwa wa Mzee, anaishi Kikuyu. Akamuuliza, "Tata, Karanja ni nani?"

Tata akamwambia hayo si mambo ya simu, tuende kwake.

Tukaenda kwake Jumapili baada ya kanisa. Tata Nyokabi ni mama mkali, bado analima kabustani kake mwenyewe. Alituwekea chai, akaketi, akatuambia bila kuzunguka.

Karanja alikuwa ndugu yao, aliyezaliwa kati yake na Ndung'u. Walikuwa wanakaa kwenye nyumba za wafanyakazi wa msitu. Asubuhi moja ya ukungu wavulana wawili walitumwa kuni. Karanja akamwambia mdogo wake amngoje kwenye lango la kayaba, akatangulia. Ndung'u alingoja mpaka jioni. Watu wakatafuta na taa, na mbwa. Hawakupata hata panga lake. Baadaye kidogo familia zote zikahamishwa kutoka msituni, na mama yao akasema hilo jina lisitajwe nyumbani kwake tena, kwa sababu kila likitajwa Ndung'u alikuwa anatoka nje kungoja.

Nikamuuliza kuhusu mluzi. Nilijaribu kuuliza kama kitu kidogo tu.

Tata akaweka kikombe chini.

"Uliusikia?"

Nikasema ndio.

"Ndung'u ndiye alikuwa anapiga mluzi," akasema. "Ndiye alikuwa anamuita nao. Karanja alikuwa anaitika kwa mdomo, anapaza sauti. Alianguka kwa mti akiwa mdogo akang'oka meno ya mbele. Hakuwa anaweza kupiga mluzi hata akijaribu." Akasogeza kikombe kando. "Baada ya Karanja kupotea, jioni tulikuwa tunasikia mluzi huko nje. Ndung'u anataka kutoka. Mama anamshika hivi, miguu na mikono. Anamwambia, huyo si yeye."

Wambui hakunywa ile chai.

UPDATE: Nimeona comments zenu. Mmoja ameniambia kuna ndege wa msituni anayeiga sauti za watu, na akisikia mluzi anaurudisha vile vile. Asante mkuu, nimesoma na inaingia akilini. Nimekubali ni ndege. Usiku nikilala huwa nimekubali kidogo kuliko mchana, lakini nimekubali.

Wengine mmeuliza kama tulirudi. Tulirudi.

Tata Nyokabi ndiye aliyetaka. Alisema anazeeka na kuna kitu anataka kufanya kabla hajashindwa kutembea. Tukangoja siku ya jua. Tukaenda wote, mimi, Wambui, Neema, Tata, Mzee, na askari wawili wa msitu. Tukafika kwa ule ua wa kayaba bila shida. Mahali pa kawaida kabisa, jua linapenya, vipepeo. Lile shimo lilikuwa pale, wakaniambia watalizungushia kitu.

Tata akasimama katikati ya mafiga akiwa ameshika fimbo. Akataja jina la Karanja, kamili, na la baba yao na la mama yao. Akatuambia kila mmoja wetu alitaje. Tukalitaja, mpaka Neema. Tata alisema jina hilo limekaa kimya miaka mingi sana, na yeye akiondoka lazima kuwe na watu wanalijua. Halafu akaomba, kifupi, kwa Kikuyu.

Mzee alikuwa amekaa kwa gogo, anakula mahindi ya kuchemsha tuliyobeba. Hakuwa na habari. Alikuwa anaangalia miti kama mtu amekuja kutembezwa.

Maombi yalipoisha, akanivuta mkono wa shati. Siku hizi hunigusa bila wasiwasi.

"Baba Neema, huyo mnamuombea ni nani?"

Nikaangalia Tata. Tata akanipa ishara kwa kichwa, nimwambie.

"Ni ndugu yako, Mzee. Anaitwa Karanja. Alipotea mkiwa watoto."

Akatafuna. Akafikiria.

"Alifika nyumbani?"

"Alifika," nikasema.

"Nani alimleta?"

"Wewe."

Akaitika kwa kichwa, akatoa punje moja iliyokwama kwa jino, akarudi kwa mahindi yake. Tata akageukia upande wa ua, mabega yake yanatingishika, na Wambui akaenda akamshika.

Basi hiyo ndiyo story.

Nilichojifunza, na mkuu uliyeuliza chukua hii pamoja na ile orodha ya juu. Ukienda msituni na mtu mzima, usitoke kwa njia hata akikwambia anaijua. Labda anaijua kweli, na hiyo ndiyo hatari. Mwekee namba ya simu mfukoni. Mwambie mtu wa nyumbani mnarudi lini, mimi hicho ndicho kiliniokoa. Na simu ikilia, ongea ukimwangalia, usigeuze mgongo.

Kingine ni hiki, na hapa ndipo nataka maoni yenu. Daktari mmoja anasema mgonjwa asidanganywe, umrekebishe taratibu. Mwingine anasema mfuate alipo. Wambui mpaka leo anamrekebisha, na ninamwelewa, ni baba yake, anataka kujulikana na baba yake. Mimi siwezi tena.

Wewe mzazi wako akikuangalia usoni akakuita jina la mtu aliyeondoka, unaitika?

Semeni, nitasoma zote.